Pakeji ya majasusi na mamluki nyuma ya Kilombero: chukua, ila kagua kabla hujatoka

Kwa wale ambao baridi hii ya Julai imewafungia ndani na bando nalo halishikiki, kuna duka la muvi hapa Chuga, yani Arusha, nyuma ya soko la Kilombero ule uchochoro wa mafundi simu, silitaji jina kwa sababu lenyewe halina jina, kuna kibao tu kimeandikwa MUVI SIRIZ KATUNI kwa rangi nyekundu na mshale unaoelekea ndani. We ukifika ulizia jamaa wa siriz za majasusi utaonyeshwa. Maduka ya kujaza flashi yako kibao kuanzia Ngarenaro mpaka Kwa Mrombo na mengi yao unamkuta dogo kainamia simu, unamwambia nataka ekshen anakumiminia chochote kilichokaa juu kwenye folda. Huyu sio hivyo na ndo maana naandika. Ana kitu anakiita Pakeji ya Majasusi na Mamluki, elfu saba ukija na flashi yako ya 64, muvi moja moja ni jero na sizoni ni buku, kwa hiyo ukipiga hesabu pakeji inalipa, shida ni vitu viwili vitatu ambavyo nitavisema huko mbele na ni bora uvijue kabla hujatoa hela.

Ya hakimiliki najua, COSOTA wana lao la kusema na wana haki ya kulisema, ila leo naongelea huduma.

Duka lenyewe ni dogo, kompyuta mbili, benchi la mbao, rafu ya vitabu na magazeti ya mitumba, na kahita ka mkaa chini ya kaunta ambako asubuhi ndo kanawaleta nusu ya wateja. Kilichonifanya nimkubali huyu jamaa ni mpangilio. Hajapanga kwa stelingi wala kwa nchi, kapanga kwa nani anamlipa mtu wake. Ukifungua pakeji unakuta folda tatu: WA SERIKALI, WA KUKODIWA, WALIOTOSWA. Ukikaa benchi anakuuliza, "We chalii yangu unataka anayetii amri, anayefuata hela, au aliyekimbiwa na wakubwa zake?" Ukijibu tu ashajua akupe nini.

Kuna mama mmoja aliingia nikiwa pale, mkononi ana kikapu cha soko, jamaa akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ile ya Wakorea uliyonipa, yule kijana waliyemtupa kule Ulaya, imeishia njiani. Rafiki yake ndo ametumwa akammalize halafu basi, kioo cheusi."

"Hiyo ni IRIS mama, ya 2009. Zipo ishirini, dogo wangu wa dukani alikuwekea chache tu. Leta flashi, hizo zilizobaki hulipi."

Hakutafuta hata kwenye kompyuta kwanza. Mtu anayejua epsodi zako zimekatikia wapi kwa kusimuliwa tu, aisee huyo anaangalia vitu anavyouza.

Sasa twende kwenye pakeji. WA SERIKALI ndo folda nzito kuliko zote kwa GB na kwangu ndo dhaifu kuliko zote. Humo kuna Agents of S.H.I.E.L.D. sizoni zote saba, 2013 mpaka 2020, sizoni ya kwanza inavuta miguu kinoma mpaka karibu na mwisho ndo inachangamka, vumilia au ruka. Nick Fury, bosi wa hilo shirika la majasusi la komiki za Marvel, asili yake ni mwanajeshi wa Vita vya Pili kwenye komiki ya 1963 ya Stan Lee na Jack Kirby, ujasusi alipewa baadae 1965 pale S.H.I.E.L.D. ilipoanza, maana miaka hiyo kila mtu alitaka jasusi mwenye madude ya ajabu. Ukizisoma zile za mwanzo, jamaa anazo skani kwenye folda ndogo ndani, utaona ofisi inayoelea angani na magari yanayopaa na utajua muvi za saivi hazikubuni kitu.

Kwenye folda hiyohiyo ameweka Mission: Impossible, sio zile muvi, ile siriz yenyewe ya 1966 mpaka 1973. Picha kuukuu, hamna mitutu mingi, kazi kubwa ni kumdanganya adui mpaka ajimalize mwenyewe, na fundi wa timu ni Barney, mtu mweusi, mwaka 1966 kwenye TV ya Marekani hilo halikuwa jambo dogo. Sikiliza ule mkanda wa mwanzo kabla haujajiunguza. Mkuu wa timu anaambiwa kazi ni hii, ukiikubali sawa, ila ukikamatwa Waziri atakana kukujua. Karibu kila epsodi! Yani mtu anaambiwa mapema kabisa kwamba tutakuruka, na anasema poa, anachagua picha za wenzake anaenda kazini. Mi nilipomwambia jamaa kwamba hii ilitakiwa ikae folda ya tatu alicheka akasema, "Hao bado hawajatoswa, wameahidiwa tu."

Halafu 24. Hapa ndo nina ugomvi nae. Kwa asiyejua, Jack Bauer wa CTU, kitengo cha kupambana na magaidi, cha Los Angeles, ilianza kurushwa Novemba 2001, kila sizoni ni siku moja na kila epsodi ni saa moja ya siku hiyo, saa inaonekana kwenye kioo inahesabu tik tik, kwa hiyo epsodi 24 ndo saa 24, sizoni ya kwanza inaanza saa sita usiku inaisha saa sita usiku. Sasa flashi yangu haina epsodi ya 17 ya sizoni ya kwanza. Siriz nyingine ukikosa epsodi moja unaunga unga unaendelea, hii ukikosa moja umekosa saa nzima ya maisha ya watu, nimeacha watu wako mahali saa kumi jioni, nikawakuta saa kumi na moja wana majeraha mapya na hasira ambazo sijui zimetoka wapi. Nilirudi nikamwonyesha, akaomba radhi vizuri, akaniongezea sizoni ya Nikita ya Maggie Q kama pole, lakini hiyo saa yenyewe hakuwa nayo hata kwenye eksteno yake. Maana yake kila aliyenunua pakeji kabla yangu hanayo, na hamna aliyesema? Au watu wanaangalia huku wanachati.

WA KUKODIWA ndo folda iliyonifanya nitoe hela. Mamluki kwenye komiki wana utamu wao kwa sababu mwandishi hawezi kukudanganya kwamba jamaa yuko pale kwa ajili ya bendera. Jamaa kaanza na Deathstroke, Slade Wilson, aliyetokea Desemba 1980 kwenye komiki ya DC, The New Teen Titans namba 2, na hapo hapo unapewa msiba: kijana wake alichukua tenda ya kuwakamata wale vijana mashujaa, akafa kazini, baba akaamua kuimalizia tenda ya mwanae. Hebu fikiria, mkataba umerithiwa. Miaka kumi baadae Marvel wakaja na Deadpool, The New Mutants namba 98, Februari 1991, wa Rob Liefeld na Fabian Nicieza, jina lake Wade Wilson, na ukiwapanga Slade Wilson na Wade Wilson pembeni kwa pembeni unaona kabisa huo ni utani wa jirani. Wengi tunamjua Deadpool wa muvi anayeropoka, ila humo kwenye komiki ya kwanza alikuja akiwa adui tu wa kukodiwa, katumwa amuue Cable, kiongozi wa hao New Mutants, kapigwa, karudishwa alipotoka akiwa ndani ya boksi. Maneno mengi alikuwa nayo tayari, mambo ya kuongea na msomaji yalikuja baadae sana.

Kwenye rafu jamaa ana komiki za karatasi pia, za Deadpool za mitumba, zinakuja kwenye robota za vitabu, kurasa nyingine zimeliwa na maji. Anauza elfu mbili elfu tatu. Sio seti, unaokota namba 12 halafu 31, kwa hiyo kama we ni mtu wa kufuatilia stori tangu mwanzo zitakutesa, ila kama una mdogo wako anajifunza kuchora mchukulie hata moja, zile fremu zinafundisha.

The A-Team ipo, 1983 mpaka 1987, wale wanajeshi wanne waliosingiziwa kosa wakatoroka wakawa wanakodiwa na wanyonge. Mzee wangu aliangalia nami sizoni ya kwanza akaifurahia sana mpaka alipogundua risasi zinamiminika kila siku na hamna anayekufa, akasema hawa watu ni mamluki au wapiga baruti za harusi. B.A. wa Mr. T kuogopa ndege mpaka waanze kumpiga dawa ya usingizi ndo apande, hiyo bado inachekesha. Peacemaker nayo ipo, ile ya 2022 ya John Cena, wapenzi wa mieleka mtajikuta mnamuonea huruma, jamaa anapenda amani kiasi kwamba yuko tayari kuua mtu yeyote ili ipatikane, na anafanya kazi ya serikali ili asirudishwe jela. Epsodi nane, usiruke ule wimbo wa mwanzo wanavyocheza na sura kavu. Watoto watoke sebuleni kwanza lakini.

Naomba niseme kitu hapa hata kama kinatoka nje kidogo ya flashi. Sisi huku mamluki hatukuanza kuwaona kwenye katuni. Bob Denard aliipindua Komoro mwaka 1978 na hakuishia hapo, na Mike Hoare, yule aliyekuwa Kongo miaka ya 64 na 65, Novemba 1981 alishuka Shelisheli na kundi lake la watu zaidi ya arobaini wakijifanya chama cha wanywa bia wenye kusaidia yatima, mabegi yamejaa midoli juu na bunduki chini. Waliharibikiwa na nini? Afisa forodha wa uwanja wa ndege kufungua begi. Begi moja tu, bunduki ikaonekana, risasi zikaanza, wakateka ndege ya Air India wakakimbilia Durban, na 1982 Hoare akahukumiwa miaka kumi huko Afrika Kusini. Hakuna helikopta, hakuna mrembo, ni mtumishi wa forodha anafanya kazi yake ya kila siku. Nimemwambia jamaa atafute kama kuna siriz ya hii stori. Hiyo mi nalipa hata elfu kumi.

Folda ya tatu, WALIOTOSWA, ndo roho ya pakeji na kama hela yako ni ndogo mwambie akuwekee hii peke yake, atakufanyia elfu tatu. Humo kuna IRIS, kuna The K2 ya 2016 ya Ji Chang-wook, mamluki wa zamani anayesingiziwa mauaji akarudi Korea kujificha halafu akaishia kuwa mlinzi wa mke wa mwanasiasa, epsodi 16 tu, dada zangu wote wawili wameishika hawaachi. Na kuna Burn Notice. Nilikuwa siijui, nakiri jamaa ndo kanifungua macho. 2007 mpaka 2013, sizoni saba. Inaanzia Nigeria, kachero anaitwa Michael Westen yuko katikati ya dili na watu wabaya, anapiga simu ofisini hela ihamishwe, upande wa pili wanamwambia kwa upole kwamba hawana biashara nae tena. Basi. Anatoroka kwa kipigo, anazinduka Miami, akaunti zimefungwa, kazi aliyofanya miaka yote haiwezi kuandikwa kwenye CV, na mtu wa kwanza anayempigia simu kutwa ni mama yake analalamika mbona hujafika nyumbani. Anaanza kuishi kwa vibarua, mzee wa mtaani katapeliwa anamsaidia, mama mwenye mtoto anatishwa anamsaidia, hela kidogo. Ndani ya mtu mmoja unapata jasusi na mamluki na kijana asiye na ajira, na hiyo ya mwisho ndo inatushika sisi, wangapi hapa mjini wametumikia ofisi miaka na siku moja kadi ya getini inakataa kufungua mlango.

Ila msichukue ile iliyotafsiriwa! Sikilizeni vizuri. Mi nimekulia vibanda umiza, Lufufu yule mtafsiri wa muvi kwangu ni gwiji, picha la Kichina bila sauti yake lilikuwa halijakamilika. Lakini Burn Notice nusu ya utamu ni Michael mwenyewe kukuelezea kwa sauti ya chinichini anavyotengeneza kifaa cha kunasia sauti kwa simu mbovu, au kwa nini ukipigana chooni unamvuta adui kwenye sinki badala ya kurusha ngumi. Mtafsiri anaongea juu ya maelezo hayo hayo, anasema "sasa hapa stelingi kakasirika" wakati stelingi wala hajakasirika anafundisha. Unabaki na milipuko tu. Chukua ya Kiingereza yenye sabtaito hata kama lugha inakupiga chenga kidogo.

Spy x Family sijui kaiweka folda gani, iko nje peke yake, nadhani hata yeye imemshinda. Katuni ya Kijapani ya Tatsuya Endo, ilianza kama komiki 2019, anime ikaja 2022. Jasusi Loid kaagizwa aunde familia ya uongo ili amfikie mwanasiasa mmoja, mke aliyempata ni muuaji wa kukodiwa anayejificha kwenye kazi ya manispaa, mtoto aliyemchukua kituo cha yatima anasoma mawazo ya watu, kwa hiyo ndani ya nyumba nzima anayejua ukweli wote ni mtoto wa darasa la kwanza. Watoto wa jirani wanakuja kwangu kila jioni kwa ajili ya huyo mtoto, Anya, na wanaondoka na mandazi yangu.

Rafu ya magazeti haimo kwenye pakeji ila ukienda kaa nayo. Marehemu baba yake jamaa aliacha nakala za African Film, gazeti la Spear, ameziweka kwenye nailoni, haziuzwi, unalipa jero unasoma palepale benchi na mikono uwe umenawa. Sio michoro, ni picha za kamera zilizopangwa fremu kwa fremu na maneno yamebandikwa juu. Lance Spearman, kofia imelala upande, tai ya kipepeo, sigara nene, gari la nguvu, na adui yake Rabon Zollo. Miaka ya mwisho ya 60 huko, mtu mweusi anapanda juu ya paa na bastola na suti haijakunjamana. Kuna fremu moja anaruka ukuta, ukiangalia kwa makini unaona kivuli cha mpiga picha chini kwenye nyasi, nimeipenda kuliko milipuko yote ya flashi yangu. Pembeni yake kuna Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya 1974, jalada limeshonwa kwa uzi, na hiyo haitoki nje hata uache kitambulisho. Kwa umri wangu nilidhani nitachoka kurasa tatu, nilisimama pale jamaa alipoanza kufunga.

Sasa mambo ya kiufundi, maana hapa ndo watu wengi wanapoibiwa bila mtu kuwaibia. Flashi ikiwa imefomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo zile muvi kubwa za HD zitakataa na dogo wa pale hatokwambia, ataziruka tu anakurudishia flashi. Ukifomati exFAT zinaingia, ila TV nyingi za Kichina za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo ijue TV yako kwanza. Pili uliza mafaili yameminywa kwa x265 au la, ni aina ya kuminya video ambayo TV nyingine haziisomi, TV yangu ya kwanza ilikuwa inatoa sauti na kioo cheusi, nikadhani muvi mbovu. Tatu faili la sabtaito likae folda moja na muvi na majina yafanane herufi kwa herufi, na hapa jamaa ni mzembe, mafaili yake mengine yanaitwa JASUSI MPYA 1, JASUSI MPYA 1 KOPI, unaangalia mwisho kabla ya mwanzo. Mwambie akufungulie mbili tatu pale pale kwenye TV yake, hakatai, ila dogo wake anakunja sura.

Nenda asubuhi, kuanzia saa kumi jioni wanafunzi wanajaa na kunakili pakeji nzima kunachukua kama saa nzima, flashi za bei rahisi zaidi ya hapo. Jumapili anafungua baada ya misa. Kesh au kwa simu sawa, makato juu yako.